Mama ameniomba Alhamisi yangu. Je, nikimlipa mtu aende badala yangu, nimetoa?

Fundi Friji (Dodoma)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni mawazo yenu, hasa ninyi mliotangulia kiumri na kiroho.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nimejiajiri, sina msaidizi. Katika jumuiya yetu yupo mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Figo zake zimefeli, anasafishwa damu hospitali ya rufaa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Watoto wao wako mbali. Jumanne anampeleka mzee wa kanisa, Jumamosi mpwa wake, na Alhamisi inabaki kwa mama, mke wa mzee, mwenyewe. Mimi huwa natuma hela ya bajaji, na dawa zikikosekana naongeza. Sasa juzi baada ya ibada ya nyumba kwa nyumba mama kanivuta pembeni, kaniambia: "Mwanangu, hela yako inafika na Mungu akubariki. Ila kama ungeweza kutusaidia siku ya Alhamisi." Nikamwambia nitamjibu.

Kazi yangu ni ya simu. Friji la bucha likizima saa tatu asubuhi, mwenye nyama hawezi kunisubiri mpaka saa tisa. Atamwita fundi mwingine, na mteja akishazoea fundi mwingine hupati tena kazi yake. Isitoshe Alhamisi na Ijumaa ndiyo wenye baa na wenye bucha wanajiandaa na wikiendi, ndipo napata hela ya kulisha watoto, na ndiyo hiyo hiyo ninayotoa kanisani.

Nimefikiria kumlipa kijana mmoja wa hapa mtaani, mwaminifu, elfu kumi kila Alhamisi, awe anakwenda na mzee. Mke wangu anasema ni sawa. Mimi moyo haujatulia. Najua Waefeso 5:16 inasema tuukomboe wakati, lakini sijui mstari huo unaniambia niende hospitali au niende kwenye bucha. Mbele za Mungu, mtu aliyenunua siku ya mwenzake ili ikatumike kwa mgonjwa, ametoa muda, au ametoa hela tu kwa njia nyingine?

Mzee wa Mizigo (Dar es Salaam)

Ndugu yangu, usijitese. Kutoa ni moyo. Huyo kijana naye ana njaa, elfu kumi yako inasaidia nyumba mbili kwa siku moja. Kila mtu ana karama yake, Warumi 12:8 inamtaja mwenye kukirimu, na anakirimu kwa kile alichonacho. Ukiacha kazi ukakaa kwenye benchi la hospitali, mwezi ujao utashindwa kutuma hata ile ya bajaji, na hapo utakuwa umemsaidia nani? Mlipe kijana, mwombee mzee, piga kazi.

Bibi Nesi (Moshi)

Mwanangu Fundi, Bwana asifiwe sana. Mimi ni nesi mstaafu. Nimefanya kazi wodini, na miaka ya mwisho nilikuwa kwenye chumba cha mashine za figo, kwa hiyo hili unalouliza nimelitazama kwa macho yangu. Uniwie radhi nikiandika kirefu.

Kwanza nikuambie Alhamisi ya huyo mama ilivyo, maana anayetuma hela haioni. Anaamka alfajiri. Anamwandaa mzee, anatafuta kadi ya bima, anatafuta bajaji inayokwenda polepole. Wakifika mzee anapimwa uzito na presha ndipo aunganishwe na mashine. Damu inazunguka nje ya mwili kwa muda wa kama saa nne. Akimaliza, sindano zinachomolewa, pale zilipotoka panakandamizwa mpaka damu ikatike, anapimwa uzito tena. Akisimama ana kizunguzungu. Presha imeshuka, miguu imekaza misuli, hana hamu ya kuongea na mtu. Nusu siku imekwisha na bado hawajafika nyumbani. Mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka, na mashine haijui Krismasi.

Na wakati wote huo mama yuko wapi? Vyumba vingi vya mashine haviruhusu ndugu kukaa ndani, kwa ajili ya usafi na nafasi. Yuko nje kwenye benchi. Hawezi kwenda hata kununua mchicha, kwa sababu saa yoyote sista anatoka na kuita, "Ndugu wa Mwalimu!" Kuna damu ya kupeleka maabara. Kuna sindano ya kuongeza damu imekosekana dirishani, inabidi ikatafutwe duka la nje. Kuna kadi ya bima imekataa kusoma. Mgonjwa ana mashine, ana manesi, ana daktari anayepita. Aliye kwenye benchi hana mtu. Nimewapima presha wake za wagonjwa waliokaa pale nikakuta iko juu kuliko ya waume zao ndani. Ukimuuliza kuhusu kliniki yake mwenyewe, anakuambia aliiacha tangu mzee aanze mashine.

Kwa hiyo mimi nilivyosoma maneno ya huyo mama, sikusikia mtu anayetafuta wa kumsindikiza mzee tu. Nimesikia mke aliyechoka anayeomba kupokewa zamu.

Sasa twende kwa kijana wako wa elfu kumi. Simdharau, na ndugu yangu wa Dar hapo juu hajasema vibaya. Kijana atamshika mzee mkono, atambebea begi. Lakini mama atakaa nyumbani na simu mkononi kutwa: wamefika? amepewa uji? yule kijana ametulia hapo au ameondoka? Mwili wake uko jikoni, roho iko kwenye benchi lile lile. Hela inalipa miguu ya kijana, lakini wasiwasi wa mama haupungui mpaka mzee awe na mtu ambaye yeye mama anamwamini, mtu wa kujua aseme nini sista akitoka na sura ya mashaka. Kati ya watu wote wa jumuiya amekuchagua wewe. Hilo usilipite haraka.

Mnakumbuka Kutoka 17, vita na Waamaleki pale Refidimu? Musa akiinua mikono Israeli wanashinda, akiishusha wanashindwa, na mikono ikawa mizito. Haruni na Huri hawakumpelekea chakula wakaondoka. Walimtafutia jiwe akalie, wakasimama mmoja huku na mmoja huku, wakaitegemeza mikono yake mpaka jua likachwa. Wenzangu tunapohubiri habari ile tunasifu maombi ya Musa. Mimi kila nikiisoma naangalia wale wawili, maana nao walikuwa na mikono inayochoka, na hakuna wimbo uliotungwa kwa ajili yao siku ile.

Lakini mwanangu, simaanishi uache bucha zako zioze. Soma Luka 10:34-35 polepole. Hospitali yetu ya KCMC hapa, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema, kwa hiyo habari ya yule Msamaria nimeisikia kwenye ibada za asubuhi mpaka naijua kwa moyo, na bado kuna sehemu wahubiri wengi wanairuka: "hata siku ya pili". Alimfunga jeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamtunza. Siku ya pili akatoa dinari mbili, ambazo kwa kipimo cha Mathayo 20 ni ujira wa kibarua wa siku mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi. Kisha akaondoka. Alikuwa na safari yake, na Bwana Yesu hamlaumu kwa kuiendeleza. Kwa hiyo humo ndani yote mawili unayouliza yapo. Kuna alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe, na kuna alichomlipa mtu mwingine akifanye. Alianza na cha mikono yake. Na alisema atarudi.

Ushauri wangu ni huu. Mwezi una Alhamisi nne, mara chache tano. Chukua moja. Moja tu, mfano ya kwanza ya mwezi, wakati ambapo kina bucha wako bado hawana haraka sana. Nenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, zile tatu zipate wenyewe, na kijana wako mwaminifu awe wa dharura siku mtu akiugua. Ila hiyo moja uliyoichukua isikose. Nasema hivi nikijua ninachosema: mke wa mgonjwa akiambiwa "nikipata nafasi nitakuja", hawezi kupanga kitu. Akijua kwa hakika kwamba Alhamisi ya kwanza ni ya Fundi, atajiandikisha kliniki yake siku hiyo, atasuka nywele, atalala mchana. Ahadi ndogo inayotimia inampa mtu siku nzima mikononi mwake.

Na uache tabia moja tuliyonayo Wakristo, ya kwenda kwa mgonjwa wa figo na kapu la matunda. Ndizi, parachichi, machungwa, madafu, hivi vyote vina potasiamu nyingi, na figo zisizofanya kazi haziwezi kuitoa. Ikijaa mwilini moyo unaweza kusimama. Hata mtori wetu huu tunaoujivunia huku Moshi si wa kumpa bila kuuliza. Maji nayo anapimiwa, usimhurumie ukamwongezea soda. Na ule mkono wenye mshipa uliounganishwa kwa ajili ya sindano usiuvute wakati wa kumsalimia, wala usimtundikie begi.

Binti wa Mwinjilisti (Iringa)

Shikamoo Bibi Nesi, nimejifunza mengi. Naomba niongeze neno kwa upande wa pili, na sisemi kwa uchungu.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Alitoa muda wake kwa watu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mpaka leo nikipita vijiji alivyohudumu wazee wananishika mkono kwa ajili yake. Lakini muda ule mwingine ulikuwa wa mama na wa sisi watoto. Mgeni akigonga wakati wa chakula, sahani ya baba ilifunikwa kwa kawa. Mtu akifiwa, mama ndiye aliyebaki na shamba, na mahindi hayangoji. Hakuna aliyemuuliza mama kama anatoa. Siku ya mazishi ya baba ilisomwa risala ndefu ya kazi yake, na mama alitajwa kwenye sentensi ya familia aliyoiacha.

Fundi, umesema mke wako anaona kijana ni sawa. Naomba urudi ukae naye vizuri, umuulize hiyo Alhamisi moja itamgusa wapi. Labda ndiyo siku anayotegemea hela ya unga. Labda ndiye atakayemchukua mtoto shule kwa sababu wewe umechelewa hospitali. Akikubali, basi huyo mama wa jumuiya ajue kwamba siku hiyo amepewa na nyumba nzima, na mkeo atajwe. Bwana Yesu mwenyewe, Marko 6, wanafunzi waliporudi wamechoka na watu wanaenda na kurudi hata nafasi ya kula hawana, aliwaambia waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Umati bado ulikuwepo. Wagonjwa bado walikuwepo.

Bibi Nesi (Moshi)

Marahaba mwanangu. Asante kwa kumtaja mama yako. Nakubaliana nawe kabisa.

Kiti Namba Tatu (Mwanza)

Naingia kwa sababu mnatujadili sisi. Jina nililojipa ni la kiti ninachokalia kwenye chumba cha mashine. Mimi ni yule mzee, ila mimi bado kijana kidogo.

Bibi Nesi amesema kweli tupu kuhusu benchi. Mke wangu akisoma hapa atalia. Ninalotaka kuongeza ni la upande wa aliyelala kwenye kiti.

Fundi, ukipata Alhamisi yako, usiende na ile sauti. Wagonjwa tunaijua. Mtu mnayebishana naye kila siku akifika hospitali anakuwa mpole kama anaongea na maiti. Halafu anafungua maombi marefu mlangoni wakati manesi wanataka kupita na mashine ya jirani inalia. Maombi nayapenda, nayahitaji kuliko kipindi chochote cha maisha yangu. Lakini rafiki yangu mmoja wa kwaya ndiye ninayemsubiri, kwa sababu akifika anaanza pale tulipoachia kuhusu Simba na Yanga, na tunapotengana ananiombea kwa sentensi mbili, na ninaondoka nikijisikia ni mtu. Saa ya kwanza naongea vizuri. Saa ya mwisho sitaki maneno, na yeye anajua, ananyamaza. Wale rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

La pili, ndilo lililonifanya niandike. Huyo mzee wenu ni mwalimu. Mnajadili nani ampe muda. Kuna aliyefikiria kumwomba wake? Mimi nilikuwa fundi seremala. Tangu nianze mashine watu wananiletea, wananibebea, wananifungulia mlango. Hakuna aliyeniuliza kitu kwa muda mrefu sana, mpaka yule rafiki wa kwaya akaja na karatasi ya vipimo vya kabati anataka kujua mbao ngapi zinunuliwe. Nilikaa na kalamu mkono mmoja, mwingine uko kwenye mashine, nikamchorea. Siku ile saa nne zilipita sikuzihesabu.

Fundi, una watoto. Nenda na daftari la mmoja wao, la Hisabati au Kiswahili. Mzee akiwa kwenye foleni ya kupimwa uzito, au siku asiyokwenda mashine akiwa nyumbani kwake, mwombe alisahihishe kwa kalamu nyekundu. Paulo yuko kifungoni, 2 Timotheo 4, anamwomba Timotheo afike kabla ya wakati wa baridi, amletee lile joho aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Joho ni la baridi, sawa. Vitabu je? Alikuwa bado ana kazi ya kufanya, na alimtaka Timotheo alijue hilo.

Fundi Friji (Dodoma)

Wapendwa, sijui niseme nini. Kiti Namba Tatu, Mungu akutunze wewe na mkeo.

Nimekaa na mke wangu jana usiku. Nilimsomea yote, na nilipofika kwa Binti wa Mwinjilisti aliniomba nirudie. Tumekubaliana Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na siku hiyo yeye atakuwa anapokea simu zangu za wateja, maana anajua kuuliza friji limegoma vipi kuliko nilivyodhani. Wenye bucha wawili wakubwa nimewapa namba ya fundi mwenzangu wa Area C, naye Jumapili nitamshikia zake baada ya ibada kwa sababu yeye ni Msabato na Jumamosi hafanyi kazi, kazi zinamlundikia. Mwenyekiti wa jumuiya ameshapata mtu wa Alhamisi ya pili. Ya tatu na ya nne bado.

Mama nimempigia. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Unamaanisha mimi nisije kabisa siku hiyo?" Nikamwambia asije kabisa.

Bibi Nesi, shikamoo. Sijawahi kukaa na mgonjwa. Niende na nini?

Bibi Nesi (Moshi)

Marahaba mwanangu. Nenda na blanketi au khanga nzito ya mzee, wengi husikia baridi damu ikiwa inazunguka nje. Hela ndogo ndogo za maabara na za dawa, mama akuonyeshe zinakaa wapi. Kadi ya bima na daftari la kliniki vyote mkononi mwako, si kwenye begi la mzee. Chaja ya simu. Muulize mama jioni ya Jumatano dawa gani za presha mzee anaambiwa asinywe kabla ya mashine, uandike. Na ule wewe mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani. Huyo mwenzako wa Area C mmefanya jambo jema sana.

Nyumba ya Mwisho (Tukuyu)

Bibi Nesi, samahani naingilia mada. Mama mkwe wangu amepigwa na kiharusi, yuko nyumbani, hasemi, mkono wa kulia haufanyi kazi. Watu wa kanisa wanakuja, wanakaa dakika tano wanaangalia sakafu, wanaondoka, kwa sababu wanasema hata hajui kama wamekuja. Wafanye nini?

Bibi Nesi (Moshi)

Pole sana mwanangu, na pole kwa mama. Asiyeweza kusema si lazima awe haelewi. Wengi wanasikia na wanaelewa mengi, maneno tu ndiyo hayatoki. Waambie wageni wasizungumze juu yake kana kwamba hayupo. Wakae mahali anapowaona, maana wengine baada ya kiharusi upande mmoja wa macho haupokei vizuri. Jaribuni pande zote mbili muone anageukia upi. Waulize maswali ya ndiyo au hapana, wasubiri, wasimjibie. Kubana mkono wa kushoto au kufumba macho ni jibu.

Na waimbe. Nyimbo za kitabuni alizozijua tangu kipaimara, ubeti wa kwanza, polepole. Nimewaona watu wasioweza kuomba maji wakaimba ubeti mzima pamoja na wageni. Asipoimba leo, waimbe tena wiki ijayo, ule ule. Mama mkwe wako alikuwa sauti gani kwenye kwaya?

Nyumba ya Mwisho (Tukuyu)

Ya pili. Kesho nawaita wenzake wa sauti ya pili.